Kipandauso cha kila Jumapili kilivyokaribia kuninyima kigango, Kiseke enzi ya Mwingereza

Wakuu wa jukwaa hili, amani iwe kwenu.

Nimeona humu mnaitana wakuu, nami nawaita hivyo hivyo, ingawa nadhani wengi wenu ni wa kuniamkia shikamoo. Watakaoniamkia, marahaba.

Juzi nimesoma uzi wa dada mmoja anayesema kichwa kinamshika upande mmoja mara mbili au tatu kwa wiki, anatapika, hataki mwanga, na kazini wanamwona mvivu. Nimemhurumia sana. Ugonjwa huo nimeishi nao. Ninyi mnauita migraine, sisi tuliuita kipandauso.

Nitaeleza yaliyonipata bila kutia chumvi. Nisipokumbuka kitu nitasema sikumbuki, maana ni mambo ya zamani, miaka ya Vita Kuu ya Pili, na mimi nimeshavuka tisini.

Wakati ule nilikuwa kijana mwenye mke na mtoto mmoja. Tuliishi Kiseke, nje ya mji wa Mwanza. Msiifikirie Kiseke ya sasa yenye nyumba kila mahali. Ilikuwa mashamba ya pamba na mihogo, mawe makubwa, na njia moja ya kwenda mjini.

Siku za kazi nilishona nguo. Kulikuwa na duka la familia ya Kihindi, Waislamu, na barazani kwao tulikaa mafundi wawili na cherehani zetu. Mwenzangu aliitwa Masanja, hajabatizwa, mtu wa mzaha tangu asubuhi mpaka jioni.

Jumapili nilikuwa mtu wa Kanisa. Wakristo wa Kiseke tulikuwa wachache, na mimi ndiye niliyewakusanya, kina mama, wazee na watoto, tukatembea zaidi ya saa mbili kwenda misa kubwa ya saa nne kanisani mjini. Padre alikuwa ameahidi kutufungulia kigango, yaani kikanisa chetu wenyewe, na akadokeza kwamba mwalimu wa dini wa kigango hicho huenda nikawa mimi.

Wakuu, kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko yote. Sikuwa na ng'ombe, sikuwa na ukoo wenye jina. Nilichotaka maishani ni kufundisha dini.

Basi ikaanza hii shida.

Kila Jumapili, padre akiwa katikati ya mahubiri, vimulimuli vilianza kucheza kwenye jicho langu la kushoto, kama jua linapopiga juu ya maji ya ziwa. Baadaye nikimtazama mtu namwona nusu uso, nusu nyingine haipo. Nikiona hivyo nilijua nimebakiwa na muda mfupi sana.

Kisha kichwa. Upande mmoja tu, kama mtu anapigilia msumari kwa utulivu, hana haraka. Harufu ya ubani ikanigeuza tumbo. Nilikuwa napokea Komunyo, natoka kwa mlango wa pembeni, nakwenda kutapika nyuma ya kanisa. Na tumboni hakuna kitu, natapika maji machungu.

Kurudi Kiseke ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe. Jua la mchana, ziwa linang'aa, watoto wanaimba nyuma yangu. Nilitembea nimefunga jicho moja.

Mke wangu Veronika alikuwa ameshazoea. Kila Jumapili mchana alitundika blanketi dirishani kabla sijafika, akaweka bakuli chini ya kitanda. Nililala gizani mpaka kesho yake.

Tulijaribu mengi. Kwanza walisema ni homa, nikanywa kwinini mpaka masikio yakavuma. Baba mdogo wa Veronika alimleta mtaalamu akaniumika kwa chuku, ile pembe ya kunyonyea damu, damu ikatoka kwenye paji la uso, maumivu yakabaki pale pale. Halafu akasema ni wazee wa ukoo wanadai kitu, nitoe mbuzi. Hapo nilikataa, nikamshukuru kwa kuniuguza, nikamsindikiza.

Lakini moyoni mimi nami nilikuwa na maelezo yangu, na ndiyo yaliyoniponza.

Nilijiuliza: kwa nini Jumapili? Kwa nini mbele ya altare? Tulikuwa tumefundishwa kwamba anayepokea Komunyo isivyostahili anajiletea hukumu. Nikaona hukumu ndiyo hii. Kuna dhambi imejificha ndani yangu na mimi siioni.

Niliungama kila Jumamosi. Nikikosa dhambi mpya narudia za zamani. Na nikaongeza kufunga.

Vijana mnielewe hapa. Enzi zile sheria ilikuwa kali kuliko ya sasa. Anayetaka kupokea hali wala hanywi kitu tangu saa sita usiku, hata maji. Mimi nikaona saa sita ni ya watu wema. Mwenye dhambi kama mimi aanze mapema zaidi. Nikawa naanza Jumamosi adhuhuri. Chakula sigusi, maji sigusi, mpaka Jumapili baada ya misa kubwa. Karibu saa ishirini na nne, pamoja na kutembea.

Veronika nilimwambia nimekula dukani. Sikutaka mtu ajue, maana tulifundishwa kufunga kuwe siri.

Kichwa kikizidi, nami nazidi kufunga.

Jumatatu nilifika barazani macho mekundu, mdomo umekauka, nashika ukuta. Masanja akaanza kazi yake.

"Padre mdogo! Jana mvinyo wa misa ulikuwa mwingi?"

"Masanja, niache."

"Nakuacha vipi, na sindano unaitia uzi upande usio na tundu? Mimi pombe yangu ya mtama nakunywa mchana watu wananiona. Wewe ya kwako unakunywa wapi, chini ya altare?"

Watu walicheka. Mimi sijaionja pombe mpaka leo. Lakini mzaha ukishatoka barazani hauna mwenyewe tena. Ulitembea mpaka mjini, ukamfikia mzee mmoja wa kanisa, naye alikuwa ameniona kwa macho yake nikitapika nyuma ya ukuta.

Kwaresima ilipoanza padre aliniita. Alikuwa Mzungu wa makamo, Kiswahili chake kizuri, na Kisukuma alikijua kuliko baadhi yetu.

"Yakobo, unakunywa?"

"Hapana, Padre."

"Unaumwa nini?"

"Kichwa, Padre."

"Kichwa cha Jumapili tu?"

Hata mimi nilisikia jinsi inavyofanana na uongo.

Akasema, "Siku ya Pasaka nitamtaja mwalimu wa kigango cha Kiseke. Mtu anayetoka misani kwenda kutapika siwezi kumtaja. Watu wataniuliza nami sina jibu."

Nilirudi nyumbani kama niliyefiwa. Mnadhani nilifanya nini? Nikaongeza Ijumaa. Ijumaa za Kwaresima nikawa sili mpaka jua lizame. Kipandauso kikaona nafasi, kikaja na Ijumaa.

Ijumaa moja nilikuwa nashona kanzu ya mteja. Vimulimuli vikaanza. Sikutaka kuacha kazi, nikaendelea kukanyaga cherehani kwa kubahatisha. Masanja akaichukua ile kanzu, akainyanyua juu watu waione. Mkono mmoja nilikuwa nimeushona ukaingia ndani badala ya kutoka nje.

"Hii ni ya mtu gani, fundi? Ya mtu mwenye mkono tumboni?"

Safari hii hakuna aliyecheka sana, maana nilikuwa nimeinamisha kichwa juu ya meza na machozi yananitoka.

Mke wa mwenye duka alitoka ndani. Tulimwita Mama Sakina. Alizaliwa hapa hapa Mwanza, mama wa watu wazima, mkali kwa mafundi wake lakini si mtu mbaya. Akaivuta ile kanzu mkononi mwa Masanja, akaitazama, akaiweka pembeni.

"Wewe fundi, leo umekula nini?"

"Leo Ijumaa, mama. Nimefunga."

"Na juzi Jumatatu ulipokuja kama maiti, Jumapili ulikula nini?"

"Jumapili tunapokea, mama. Hatuli kabla."

Akavuta kigoda akakaa. Masanja alitaka kusema kitu, akamnyooshea kidole tu, Masanja akarudi kwenye cherehani yake.

"Nisikilize, mwanangu. Kichwa hicho ninacho mimi. Jicho linaanza kumetameta, sivyo? Kisha upande mmoja?"

Nilimtazama kwa jicho lililokuwa zima. Sikuwa nimemweleza mtu yeyote habari za vimulimuli.

"Mimi mwaka mzima kinanisahau," akasema, "Ramadhani kinakuja. Nilipokuwa msichana nilikuwa najifanya mcha Mungu kuliko mama yangu. Naruka daku. Naona wanaoamka kula alfajiri ni walafi. Siku ya tatu naanguka. Mama yangu akanipiga makofi mawili. Akaniambia, daku tumeambiwa tule, wewe nani amekuambia usile? Tangu siku hiyo nakula daku yangu, nakunywa maji mengi, na nafunga mwezi wangu wote."

Kisha akaniuliza, taratibu kabisa:

"Ninyi mmeambiwa muanze saa ngapi?"

"Saa sita usiku."

"Na wewe huanza saa ngapi?"

Mwaka mzima naungama, na hakuna aliyeniuliza swali hilo. Wala nisingeweza kumdanganya yule mama, maana alikuwa ameshajua.

Akaniletea chai ya maziwa yenye sukari nyingi. Nikasita. Akasema, "Kunywa. Dhambi kama ipo niandikie mimi." Nikanywa. Siwezi kusema nilipona pale pale. Lakini jioni nilitembea nyumbani kwa miguu yangu, na sikutapika.

Kesho yake nilikwenda mjini mapema, nikamkuta padre anarekebisha baiskeli. Nikamweleza yote, pamoja na kumdanganya Veronika. Akaacha baiskeli, akafuta mikono.

"Kanisa limesema saa sita usiku, Yakobo. Hiyo adhuhuri ya Jumamosi umepewa na nani?"

"Nilijipa mwenyewe, Padre."

"Na kama ningekupa kigango, wale bibi wanaotembea na wewe kutoka Kiseke, nao ungewapa adhuhuri?"

Swali hilo liliniuma kuliko kipandauso. Kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo. Nilikuwa nimeanza kuwatazama wale waliokula vizuri Jumamosi kama Wakristo wa nusu.

Nilimwambia hivyo. Akasema, "Na mimi nilinusa pombe isiyokuwepo. Unisamehe." Mzungu, padre, miaka ile, kumwomba fundi cherehani msamaha. Sijasahau.

Akanipa amri, akasema ni amri na si ushauri. Nilale misheni, pale pale kanisani, siku hiyo; nyumbani angetuma mtu kuwaarifu. Jioni nile nishibe. Kabla ya kulala ninywe maji mengi. Nihudhurie misa ya kwanza, ya saa kumi na mbili asubuhi, nipokee, na nikitoka tu ninywe uji. Wenzangu wa misa kubwa niwapokee nikiwa nimekula. Na kofia nivae, nisitembee kandokando ya ziwa kichwa wazi.

Jioni ile nilikula ugali wa mtama na samaki mpaka mpishi wa misheni akaniuliza kama nina safari.

Asubuhi nilipokea Komunyo nikarudi mahali pangu, nikapiga magoti, nikaanza kusubiri vimulimuli. Nilisubiri sala nzima. Nikafumba jicho moja, nikafumbua, nikafumba la pili. Nilimwona padre uso mzima. Nadhani hiyo ndiyo misa ya kwanza mwaka ule niliyoisikia mpaka mwisho.

Nikanywa uji, nikala na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Mchana nikarudi Kiseke na wenzangu, na mimi ndiye niliyeongoza nyimbo.

Veronika alikuwa ameshatundika blanketi. Akanitazama mlangoni.

"Mbona umesimama?"

"Nina njaa," nikamwambia.

Alikwenda akalitoa lile blanketi dirishani, akalikunja, ndipo akaenda kupakua.

Pasaka nilitajwa. Masanja alikuja kutazama, akakaa nyuma kabisa, akasema baadaye kwamba amekuja kuhakikisha mvinyo haupungui.

Kigango nilikiongoza miaka mingi. Jumamosi jioni, walipofika wale waliokuwa wakitoka mbali kwa ajili ya Jumapili, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuuliza kama wamekula na kunywa maji. Wengine waliniona mwalimu wa ajabu, anayesisitiza ugali kuliko katekisimu.

Sasa nisiwadanganye. Kipandauso hakikuniacha kabisa. Kwa mwaka kilinirudia mara tatu au nne, hasa nikicheleweshewa chakula au nikipigwa na jua kali. Lakini mara tatu kwa mwaka si kila Jumapili. Mtu anaweza kulima, kushona, kulea watoto na kumshukuru Mungu.

Nilichojifunza ni hiki. Nilikuwa namwomba Mungu aniondolee mateso huku mimi mwenyewe ndiye ninayeyaleta kila Jumamosi adhuhuri, na nikayaita ibada. Naye akanijibu kupitia mama wa dini nyingine aliyekuja kuangalia kanzu iliyoharibika.

Sisemi kila kipandauso ni njaa. Dada wa ule uzi, nenda hospitali, siku hizi dawa zipo ambazo sisi hatukuwa nazo. Na anayefunga, wa dini yoyote, asiache kwa sababu yangu. Afunge kama alivyoagizwa, asijiongezee kwa kujificha, na akiumwa amwambie kiongozi wake na daktari.

Wenye ugonjwa huu karibuni mwandike hapa chini. Kinavyouma msinieleze, hilo nalijua. Nielezeni kinawashika siku gani, na jana yake mlikula nini na kulala saa ngapi. Nasoma polepole, lakini nitasoma yote.