Nafasi Yangu Pembeni mwa Dramu

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipokabidhiwa gitaa la besi, na nilikabidhiwa kwa sababu ya mikono yangu. Mpiga besi wa kwaya yetu kule Ushirombo alikuwa amehamia Mwanza kutafuta kazi. Mwalimu wa kwaya akapita mbele yetu akitukagua vidole, mmoja mmoja, kama mtu anayechagua jembe dukani. Kwangu akasimama.

"Hii ni mikono ya kulima," akasema. "Nyuzi za besi hazitaisumbua."

Wavulana wakacheka. Nikalipokea lile gitaa, mkanda wake mrefu mno, likanining'inia karibu na magoti.

Nyuzi zilinisumbua. Wiki mbili za mwanzo sikuweza kushika ugali wa moto, nilikula baada ya wenzangu kumaliza. Lakini mapema tu nilitambua jambo ambalo sijawahi kulisahau: nikikosea, kwaya nzima inayumba na hakuna anayejua kwa nini, nikipatia, hakuna anayegeuka kunitazama. Nilipenda yote mawili.

Niliolewa Kahama. Mume wangu ni fundi umeme. Alifanya kazi Buzwagi mpaka mgodi ulipofungwa, na sasa ana kibanda cha kutengeneza redio na spika. Mimi nina duka la dawa za mifugo. Wafugaji wanaokuja kununua dawa ya kuogeshea ng'ombe wananiita mayu, mama kwa Kisukuma, na mikono yangu inanuka dawa hiyo hata nikiiosha kwa ndimu. Kwenye kwaya ya parokia yetu nilipiga besi kwa miaka mingi. Watoto wangu watatu wote niliwabeba tumboni nyuma ya gitaa la kwaya, nikilisogeza ubavuni kila mwezi kadiri tumbo lilivyokua.

Mpiga dramu wa kwaya alikuwa dereva wa malori ya mchele, mtu wa maneno machache. Siku moja baada ya mazoezi akanifuata.

"Dada, kuna bendi tunapiga Jumapili, kwenye baa ile ya njia ya Isaka. Tunapiga kopi tu, zilipendwa, rumba. Mpiga besi wetu amekwenda Geita kuchimba, hatarudi leo wala kesho."

"Usiku?"

"Tunaanza saa tisa mchana, saa kumi na mbili tumemaliza. Watu wanakula nyama choma wanakwenda nyumbani."

Nilimweleza mume wangu. Alikuwa ameinamia redio iliyofunguliwa, hata hakuinua kichwa. "Mimi nilikukuta na gitaa," akasema. "Sasa unaniomba ruhusa ya nini?"

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Tulikuwa wanne: dereva kwenye dramu, fundi cherehani anayeshona sare za shule kwenye gitaa la solo, mwalimu wa shule ya msingi akiimba, na mimi. Hakuna aliyewahi kutunga wimbo. Tulipiga nyimbo za watu wengine, zile ambazo kila mteja alizijua kabla hatujazijua sisi, kwa hiyo tulipokosea tulirekebishwa kutoka mezani.

Nilidhani najua besi. Jumapili ya kwanza nikagundua kwamba najua nusu yake. Besi ya kwaya inatembea, inasindikiza sauti mpaka mwisho wa ubeti. Besi ya rumba inaacha pengo, na ndani ya pengo hilo ndimo kiuno cha mtu kinamogeukia. Nilikuwa najaza kila nafasi kwa woga. Dereva akanitazama kutoka nyuma ya dramu zake na kuninong'oneza, "Pumzika hapo." Nikapumzika. Mzee mmoja aliyekuwa akitafuna mfupa akauweka mezani, akasimama akacheza.

Miezi miwili haikupita, kamati ya kwaya ikaniita. Walikuwa watatu, wamekaa nyuma ya meza ndefu kwenye ukumbi wa parokia. Mwenyekiti alikuwa mama ambaye tulikuwa tumepika pamoja kwenye misiba zaidi ya kumi.

"Mama, tumesikia unapiga baa."

"Ni kweli. Jumapili saa tisa."

"Huoni aibu? Asubuhi vidole vinapiga wimbo wa komunyo, mchana vidole hivyohivyo vinachezesha walevi."

"Walevi wenyewe nawafahamu," nikasema. "Wengi wao wanakaa kwenye mabenchi ya nyuma kanisani."

Katibu akacheka kidogo, kisha akajifanya anakohoa. Nikawauliza, "Mpiga dramu naye yuko kwenye bendi hiyo. Mmemwita?"

Walitazamana. Mwenyekiti akasema, "Yule ni mwanaume. Ni tofauti."

"Tofauti ipi?"

Akaniambia nichague. Nikamwambia, "Gitaa ni mali ya kwaya, kesho nitalileta. Vidole nabaki navyo."

Nililia nilipofika nyumbani, sitaki kujifanya shujaa. Nililia mpaka mume wangu akafunga kibanda mapema. Lakini Jumapili iliyofuata nilikwenda Misa, nikakaa benchi la pili, mbele ya macho ya kamati nzima, na nimeendelea kukaa hapo tangu siku ile. Kijana waliyempa gitaa langu alikuwa bado anajifunza. Kila alipopotea, vidole vyangu vilimtafuta juu ya paja langu, chini ya kitenge, mpaka akarudi njiani.

Nikauza mtamba wangu mmoja, nikanunua gitaa la mtumba kutoka Mwanza. Mume wangu akanitengenezea amplifaya kutoka kwenye matumbo ya redio zilizokufa, na boksi la spika la mbao za mninga, zito kiasi kwamba lilihitaji watu wawili kulibeba. Sauti yake ilikuwa nene na tulivu. Haikupiga kelele, lakini glasi mezani zilitetemeka.

Tulipiga pale miaka miwili na kitu. Halafu mwenye baa akaanza kupata mawazo. Alikuwa amesafiri Geita, akaona bendi zenye wanenguaji, wasichana wanaocheza mbele ya jukwaa. Wateja wake nao walikuwa wanabadilika. Wachimbaji kutoka Mwakitolyo walianza kuja kwa makundi Jumapili, viatu bado vina vumbi la duara, yale mashimo yao ya dhahabu, na walitaka kuona kitu. Alhamisi moja tukiwa mazoezini akavuta kiti, akakaa mbele yangu.

"Mama, unapiga vizuri, sina neno. Ila unasimama kama umeegemea ukuta. Watu wanataka kuona. Nimepata kijana wa besi, hodari sana. Wewe njoo mbele. Uitikie, unengue kidogo. Nguo nitanunua mimi."

"Nina miaka arobaini na sita, bosi."

"Ndiyo maana nasema kidogo."

Niliwatazama wenzangu. Fundi cherehani alikuwa anakaza uzi ambao ulikuwa tayari umekazwa. Mwalimu alikuwa anasoma maneno ya wimbo alioujua tangu utoto. Dereva alitazama miguu yake. Kauli ya yule mwenye baa niliweza kuimeza. Ukimya wa hawa watatu ndio ulionikwama kooni.

"Jumapili nitakuwa pale ninaposimama siku zote," nikamwambia. "Huyo kijana mwambie aje. Simzuii mtu."

Nyumbani mume wangu alisikiliza habari yote, akauliza swali moja tu. "Utavaa nini?"

"Kitenge changu cha kijani, na raba."

"Basi," akasema.

Jumapili nilifika saa nane, kabla ya wote. Tukashusha boksi, mume wangu na mimi, tukaliweka pembeni mwa dramu, mahali pake. Kijana akaja na gitaa lake ndani ya begi zuri. Alikuwa mpole. Akaniamkia, "Shikamoo mama," nikaitikia, "Marahaba." Nilitaka kumchukia nikashindwa. Tukakubaliana: mimi nipige mpaka mapumziko, yeye apokee hapo. Nikamwonyesha hata sehemu ambazo nyimbo zetu hubadilika ghafla, ili asiaibike.

Nikapiga sehemu yangu. Akapokea. Na alikuwa ananizidi. Nasema hivi kwa sababu kukudanganya wewe msomaji hakutanisaidia chochote. Vidole vyake viliteleza kwenye zile nyuzi kama mtu anayeshuka mteremko kwa baiskeli bila breki na haogopi. Watu walimshangilia. Mwenye baa, akiwa kaunta, akaniinulia kidevu.

Nikakaa na soda yangu nikijiambia: amekuzidi, kwa hiyo? Fundi cherehani yule kuna mtu anayemzidi. Mwalimu anazidiwa na kila redio ya Kahama. Hakuna aliyewahi kuwaambia waache walichoshika wakanengue.

Wimbo ulipoisha, mwenye baa akampa mwalimu ishara. Mwalimu akasema kwenye maiki, sauti ikiwa ndogo, "Na sasa mama yetu wa bendi atakuja mbele atuonyeshe mambo." Wachimbaji wakapiga meza. Nikasimama. Nilitembea mpaka mbele, nikamnyang'anya maiki bila kumvunjia heshima.

"Habari za jioni," nikasema. "Mimi ni mpiga besi wa bendi hii. Sinengui. Anayetaka kusikia besi, nitampigia mpaka achoke. Anayetaka kuona kiuno changu, mwenye nyumba yangu yuko meza ile pale, mkaongee naye."

Kicheko kikaanzia meza ya wachimbaji kikaenea baa nzima. Mume wangu akanyanyua chupa yake ya soda kwa watu, uso wake hauna tabasamu hata kidogo, na hilo likawachekesha zaidi. Mfugaji mmoja mzee, mteja wangu wa dawa ya minyoo, akasema kwa sauti kutoka nyuma, "Mayu, piga."

Nilipogeuka, yule kijana alikuwa ameshachomoa waya kwenye gitaa lake. Akanikabidhi. "Nisamehe mama," akasema. "Mimi niliambiwa nafasi iko wazi."

Nikapiga mpaka jua lilipozama. Sikupiga vizuri kuliko yeye. Nilipiga vizuri kuliko mimi mwenyewe wa Jumapili iliyotangulia, na niliacha mapengo yote yanayotakiwa kuachwa.

Tulipokuwa tunakunja nyaya, mwenye baa akaja. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniudhi; aliongea kama mtu anayebadilisha aina ya soda. "Bendi ibaki. Wewe mama usirudi Jumapili ijayo."

"Sawa," nikasema. "Lakini boksi hili ni langu, amplifaya ni yangu. Naondoka navyo."

Mume wangu akashika upande mmoja, mimi nikainama kushika wa pili. Dereva akanitangulia. Wakaliinua boksi, wakalipeleka hadi nje kwenye guta la kukodi, kisha dereva akarudi akaanza kufungua dramu zake moja moja.

"Wewe hajakufukuza," nikamwambia.

"Alhamisi nilinyamaza," akasema. "Nimelala vibaya siku tatu. Shika hii."

Fundi cherehani alikuja nyumbani kwetu baada ya wiki, na gitaa lake kwapani, akaomba radhi akiwa amesimama mlangoni, akakataa kukaa mpaka nimjibu. Nilimwacha asimame kidogo, halafu nikamjibu. Mwalimu alibaki kule. Tukikutana sokoni tunasalimiana vizuri, ila hajawahi kulitaja jambo lile, na mimi simlazimishi.

Sasa tunapiga Kagongwa, kwenye baa ndogo nyuma ya mashine za kukoboa mpunga. Vumbi la pumba linatua juu ya kila kitu, na wateja ni wapakiaji wa magunia, madereva, na wakulima waliokuja kuuza mchele. Anayeimba ni fundi cherehani, na anaimba vibaya kwa ujasiri mkubwa. Yule kijana wa besi hupita akiwa safarini. Ananifundisha kuteleza, mimi namfundisha kunyamaza, na bado hatujaelewana nani ana kazi ngumu zaidi.

Watu wanaendelea kuniuliza nitaacha lini. Shemeji zangu wameuliza, mwenyekiti wa kamati ameuliza, hata mteja mmoja aliyekuja kununua sindano za ng'ombe aliuliza, kwa upole kabisa, kama vile anauliza habari za mgonjwa. Nawajibu kwamba sijaumwa.

Majuzi umeme ulikatika katikati ya wimbo. Besi ndiyo hufa kwanza. Gitaa la solo bado unaweza kulinasa ukiwa karibu, lakini besi bila umeme ni mlio wa nyuzi tu. Dereva aliendelea na dramu, fundi cherehani akapaza sauti, wapakiaji wakaimba naye, hawakuacha kucheza. Mimi nikaendelea kupiga, kila noti mahali pake, pamoja na yale mapengo. Mzee aliyekaa meza ya mbele akanitazama kwa muda, akasogea.

"Mayu, mbona unapiga na halisikiki?"

"Nalisikia mimi," nikamwambia.

Akafikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kiti chake.