Wivu wa Mwalimu Pembe

Wanafunzi walimwita Mwalimu Pembe kwa sababu alichora pembetatu ubaoni bila rula, na zikanyooka. Alifundisha hisabati darasa la saba. Mkewe alifundisha somo hilohilo darasa la tano, shule hiyohiyo. Asubuhi waliongozana hadi getini, kisha kila mmoja akashika njia yake. "Kila mtu na darasa lake," Pembe alipenda kusema, na mkewe hakumbishia.

Kisha akahamia mwalimu mpya wa sayansi, kijana mtanashati, mcheshi wa kucheka hata na mlango. Tangu hapo, kengele ya mwisho ikilia, mke wa Pembe haonekani.

"Tangulia tu, baba watoto. Nina kazi na mwalimu wa sayansi."

Leo kazi, kesho kazi. Na nyumbani alikuwa akiosha vyombo huku akitabasamu peke yake! Pembe chakula kikawa hakipiti. Wenzake ofisini walipomtania kwamba siku hizi anarudi mkiwa, alicheka nao.

Siku moja uzalendo ukamshinda. Alifika njiani, akageuka, akanyata hadi kwenye dirisha la chumba cha sayansi.

Meza ilikuwa imelowa chapachapa. Mkewe amekunja mikono ya blauzi, kijana anamimina maji kutoka kwenye jagi.

"Jagi lina vikombe sita," kijana alisema. "Kila mtoto tunampa nusu kikombe. Watapata watoto wangapi?"

"Kumi na wawili! Kumbe ndiyo maana ukigawanya kwa nusu jibu linakua!" Mkewe alipiga makofi. "Miaka yote nawakaririsha 'geuza, zidisha', na mwenyewe sijui kwa nini."

"Na mzee nyumbani? Si ndiye bingwa?"

"Nikimuuliza atasema, 'Ndiyo kanuni, kariri.'"

Wakacheka. Pembe masikio yalimuwaka moto. Afadhali angewafumania wameshikana mikono, angejua la kufoka. Mke wake alikuwa amemfungulia moyo mtu baki, akamwambia asilolijua, jambo ambalo yeye mumewe hakuwahi kuambiwa. Na kibaya zaidi, watoto wa darasa la saba walishamuuliza swali lilelile, na jibu lake lilikuwa hilohilo.

Akasukuma mlango.

"Karibu, shemeji!" kijana alisema.

"Shemeji, shemeji," Pembe alinung'unika. Mkewe alimtazama, akajua kila kitu.

"Umekuja kunichunga?"

Pembe akalitazama jagi. "Nimekuja… hebu mimineni tena. Sijaona vizuri."

Wiki iliyofuata alibeba jagi darasa la saba, mkewe na kijana wakakaa nyuma kumtazama. Watoto waligombania kumimina, na msichana mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, kumbe ni rahisi hivi!" Pembe kifua kikamjaa. Kisha akawaona wale wawili nyuma wananong'onezana, wivu ukampanda upya.

"Mlikuwa mnanong'ona nini?" alimbana mkewe kipindi kilipokwisha.

"Kwamba nusu ya kipindi umewapa watoto mgongo, ukiongea na ubao."

Pembe alinuna hadi saa ya chakula. Lakini kengele ya mwisho ilipolia hakwenda nyumbani. Alivuta kiti chumba cha sayansi, akakiweka katikati ya mkewe na kijana kabisa, akauliza mtu anafundishaje bila kuugeukia ubao.