Tulivyozuia ng'ombe wa mahari ya shangazi kwenye mpaka wetu wa siri

Wakuu, heshima kwenu.

Hii ni kweli tupu. Shangazi mwenyewe yumo humu jukwaani, nikiongeza chumvi atanisuta mbele yenu.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, kwetu Nyamahanga. Rafiki yangu Editha alikuwa amepelekwa Kabanga, akaona geti la mpakani na watu wakigongewa mihuri. Aliporudi hakuwa mtu wa kawaida tena. Tukaanzisha nchi yetu nyuma ya migomba ya babu.

Geti ni kamba ya katani. Muhuri ni kiazi tulichokichonga, wino ni matunda ya mnavu. Sheria zilikuwa serious: hapiti mtu bila muhuri, na ukimwambia mkubwa yeyote unapoteza uraia maisha.

Hata kuku wa bibi walikuwa na mihuri, msicheke.

Sasa ikafika siku ya mahari ya Shangazi Koleta. Mchumba wake ni Msukuma, na babu alikuwa amezungushana nao sana mpaka kukubali. Asubuhi shangazi alinisuka nywele huku anachungulia njiani.

Wageni wakaja na ng'ombe kwa njia ya mkato.

Ile inayopita kwenye nchi yetu. Na kamba hatukuifungua.

Ng'ombe wa mbele akashtuka, wengine wote wakaingia kwenye maharage. Mshenga akaja uwanjani amenuna. Akasema hawakutegemea kufungiwa njia, kama hawatakiwi wangeambiwa mapema. Babu naye akapandwa na hasira, akidhani wanatafuta sababu ya kurudi nyuma. Kule chini vijana wao wakaanza kugeuza ng'ombe.

Editha akanikazia macho ninyamaze.

Wakuu, ile nchi niliipenda. Ila shangazi alikuwa dirishani, kanga mdomoni, analia.

Nikashuka hadi kwa baba wa bwana harusi, mzee mrefu ndani ya koti la kijivu.

"Shikamoo babu. Kamba ni yetu watoto. Huu ni mpaka, mtu hapiti bila muhuri."

Akaitikia marahaba. Kisha akauliza ofisa ni nani, nikamwonyesha Editha.

Mzee akanyoosha mkono wa koti. "Basi gonga, ng'wanawane, mwanangu. Na ng'ombe nao wagongewe, wasije wakarudishwa."

Babu yangu, aliyekuwa amenifuata, ndiye aliyeanza kucheka.

Mahari ikapokelewa. Sisi tukapanda upya maharage yote, na Editha akanivua uraia. Siku hizi anabadilisha fedha hukohuko Kabanga, na nikipita ananiambia faili langu bado linashughulikiwa.

Yule mzee amefariki mwaka huu. Msibani shangazi akanionyesha lile koti. Doa la mnavu bado lipo mkononi, limefifia tu. Anasema mzee alikataa kabisa lifuliwe, akidai atakosa pa kupitia akija kwa wakwe.

Nililia, wakuu.

Nilichojifunza: siri ya mchezo ni tamu, ila ikianza kumliza mtu, iteme.

Nanyi mlikuwa na nchi gani utotoni? Shushieni hapa, na shangazi usinijibu kwa ukali.