Kadi za Kilima Kilichohamwa

Nilikuwa karani wa kadi katika zahanati moja ya Kibondo miaka ya sabini, na hadi leo nikiona makasha yamepangwa ukutani natazama pembeni.

Utaratibu niliubuni mwenyewe, nikaringa nao. Kila kilima kilikuwa na kasha lake. Mgonjwa akija namuuliza kwao wapi, naenda moja kwa moja kwenye kasha hilo. Halafu watu wakahamishwa vilimani, wakapelekwa vijiji vipya kando ya barabara. Nikahamisha kadi kwa kufuata orodha za viongozi, na katika kila kasha la zamani nikaacha karatasi: nenda kasha namba fulani. Baadaye orodha zikabadilika, kadi zikahamishwa tena. Karatasi sikuzibadilisha. Nilikuwa nimechoka, basi.

Asubuhi moja akaja bibi mmoja, mgongoni mjukuu wa kike anayehema kwa shida.

"Mwakeye, mwanangu," akanisalimu. "Mwaka juzi huyu alidungwa hapa sindano mbili. Moja ilitaka kumwua. Mliandika."

Ni ipi, hakujua. Penisilini au kwinini. Kadi ndiyo iliyojua.

Nikamuuliza kwao wapi, akataja kilima. Huko hakukuwa tena na nyumba hata moja, lakini Waha waliohamishwa ukiwauliza kwao walikutajia yalipo makaburi ya wazee wao, si walikolala jana. Kasha la kilima likanituma kasha la tisa. La tisa lilikuwa na kadi za watu wengine kabisa. Nasikia siku hizi kompyuta nazo hutumwa hivyo mahali pasipo na kitu, zikafa papo hapo. Mimi sikuweza kufa. Bibi alikuwa amesimama mbele yangu.

Nilipekua makasha yote hadi adhuhuri. Kisha nikaketi, nikafuata hatua zangu mwenyewe moja moja.

"Bibi, mlipohamishwa mlikwenda wapi kwanza?"

"Kasulu, kwa wakwe. Tulikaa wiki mbili, tukarudi."

Orodha ya pili ilisema Kasulu, nami nilikuwa nimeifungasha kadi ile kwa mikono yangu na kuituma zahanati ya huko. Kwenye karatasi nilipaswa kuandika Kasulu. Lori la kwenda huko lilikuwa limepita saa nne, mimi bado napekua, na jingine lilikuwa la kesho.

Mganga wa zahanati hakuthubutu kumdunga kwa kubahatisha. Alimpa vidonge, tukamwagiza dereva wa kesho. Kadi ilifika siku ya tatu. Iliyomdhuru ilikuwa kwinini. Penisilini, iliyokuwa kabatini siku zote hizo, ingemfaa. Mtoto tulikuwa tumemzika jana yake.

Nilikwenda kwa bibi nikamweleza yote, hata uzembe wa karatasi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Si kosa lako, mwanangu," akasema. "Sisi ndio tuliohama."

Afadhali angenitukana.