Shahidi wa Lemon Gaba

Nikinusa rangi ya viatu, popote nilipo, hasira hunipanda kabla sijakumbuka sababu. Abuna alinukia hivyo. Kwetu Juba, ndivyo tunavyomwita padri. Huyu wetu alikuwa wakili Nairobi kabla ya upadri, na misa ikiisha alivua kanzu, akang'arisha viatu, akazunguka mitaani kutetea watu bure. Wengi walimpenda. Mimi, mtoto wa kike wa miaka kumi, nilimchukia, na nitawaambia kwa nini.

Tulirudi kutoka Kenya baada ya uhuru wa Sudan Kusini. Mama alisuka nywele za watu sokoni hadi akanunua kiwanja mtaa wa Lemon Gaba. Vita vipya vilipozuka tulikimbilia Kator, na tuliporudi tulikuta mwanajeshi amezungushia kiwanja chetu mabati. Mama akamwita Abuna.

Abuna alisimama mbele ya majirani, mwanajeshi naye akisikiliza, akaanza kwa Kiswahili chake cha mahakamani. Kesi ni nyepesi, alisema, anatakiwa tu mtu aliyeona Mama akiuziwa. "Nani atakuwa shahidi wa mama huyu?"

Mama Poni, jirani aliyeona yote, alikuwa ameshanyanyua mkono. Akaushusha. Kwa Kiarabu cha Juba, shahidi ni mtu aliyekufa vitani.

"Abuna, mimi iko na watoto. Shahidi unatafuta kwa kaburi."

Watu wakacheka. Mwanajeshi akacheka kuliko wote, akamnyooshea Mama Poni kidole. "Abuna anataka shahidi? Nitamtengenezea. Huyo huyo mama anafaa."

Kicheko kikakatika.

"Mweleze, Abuna," Mama akasihi. "Mwambie ni kusema alichoona tu."

Mama Poni alikuwa bado anamtazama, akingoja kuelezwa. Abuna akavaa kofia yake. "Yameisha, mama. Twende."

"Wewe ni wakili ama ni mwoga?" Mama akamuuliza.

Abuna akashika njia. Kiwanja kikaenda. Mama alifariki bila kumsalimia tena. Mimi niliacha shule, nikazurura miji mingi, na kila mji nilimsimulia Abuna kama mwoga.

Mwaka jana nilipita Lemon Gaba. Nilimkuta Mama Poni anasonga asida, wajukuu wamemzunguka wakigombania sahani. Nikamtaja Abuna kwa ubaya, kama kawaida yangu.

"Siku ile," akasema, bila kuacha kusonga, "angeuliza tena mara moja tu, mimi ningekubali. Na yeye alijua."

Nikapokea sahani yangu. Wale watoto walikuwa wanakula kwa kelele. Nimemwelewa Abuna. Lakini kiwanja kilikuwa chetu, na sijaacha kumchukia.