Kwanza Ukuta, Ndipo Maji

Mwanangu, filamu yako ya mafuriko nimeitazama mpaka mwisho kwenye hiyo simu yako, miwani nimevaa. Maji yapo, kelele zipo, nyumba zinaanguka. Lakini nikuambie ukweli? Sikumlilia hata mtu mmoja. Walikufa kabla sijawajua.

Naikumbuka siku ziwa lilipoingia kwetu Kibenga, wakati huo magoti yangu bado mazima. Jirani yetu alikuwa Bwana Ferdinandi, mwashi. Ukuta wa kiwanja chake aliujenga mwenyewe, na hakuna aliyepita pale. Mpira wa watoto ukiangukia kwake, basi tena. "Mi sikujenga barabara," alikuwa akisema. Yoo, yule mzee alikuwa na roho ngumu!

Maji yalipoanza kupanda, aliweka mifuko ya mchanga mlangoni kwake tu. Kesho yake akatupitishia ngazi juu ya ukuta tupandie kwake, huku akinung'unika kwamba tutaivunja. Jioni nikamwona amesimama penye ukuta, anasikiliza. Nyumba ya pili kutoka kwetu, mama yake jirani yetu Kabura, bibi asiyeweza kutembea, alikuwa anaita kitandani. Maji yalikuwa yamefika kwenye godoro. Barabara yetu ilishazama, na kwa ngazi asingepandishika. Njia iliyobaki ilikuwa moja tu, kiwanja cha Ferdinandi kilichotokea mahali pakavu, na hakuna aliyethubutu kumwomba atoboe ukuta.

Mara tukasikia nyundo. Puu! Puu! Ukuta ukatoboka kutoka upande wake, Ferdinandi akatokea, uso mzima vumbi.

"Mupitishe mama," akasema. "Na mupunguze makelele, munatisha mbuzi wangu."

Tukambeba bibi, tukampitisha. Mimi, mwanangu, niliyasahau maji. Nimeona ziwa likimeza barabara nzima, ila sijaona jambo kubwa kama mtu yule akibomoa ukuta wake mwenyewe. Hata sasa nikikusimulia mwili unanisisimka.

Basi rudi ukaitengeneze upya. Tuonyeshe mtu akiwa bado na ukuta wake, tumchukie kidogo. Abadilike polepole, anung'unike hata anapotenda wema, maana ndivyo tulivyo. Ndipo ulete maji yako.

Na upite pale kesho ukapige picha. Tundu lile Ferdinandi hakuliziba, aliweka mlango, na mpaka leo hauna kufuli. Mungu akupe macho ya kuwaona watu, mwanangu, na kila utakapobisha ufunguliwe.