Mzee wa Nyamwaga na Treni ya Asubuhi

Likizo hii nilimsindikiza shemeji yangu kwenye stesheni ndogo ya treni, pembezoni mwa Dar es Salaam. Treni ilipofika, mzee mmoja alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje, akibishana na mhudumu. Nimefundisha Tarime miaka mingi, hivyo lafudhi yake ilitosha kunijulisha kwamba katoka huko.

"Panda, mzee," mhudumu alimwambia. "Treni haimsubiri mtu."

"Sijasema imsubiri mtu. Imsubiri mke wangu, yuko chooni. Kwetu Nyamwaga gari linangoja."

Akashuka ili waelewane vizuri. Akiwa bado anaeleza kwa mikono yote miwili, mkewe alitoka chooni, akatusalimia, akapanda kwa mlango wa nyuma. Treni ikaondoka naye.

Mzee akampigia simu. "Shuka kituo kinachofuata, unisubiri."

Sauti ya mama ilitufikia sote. "Nishuke, na nimepata siti ya dirishani? Tutaonana kwa mtoto."

Mimi nimeoa hukohuko Tarime, kwa hiyo nilitazama reli.

Mzee alirudisha simu mfukoni, akamgeukia mhudumu, akauliza kwa upole, "Mwanangu, ya jioni inaondoka saa ngapi hasa?"